Vazi la Mlinzi wa Tatu

Jumapili, 29 Novemba 1970

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana tulipokuwa tukitoka kanisani. Haikuwa ndefu, lakini paa la udongo la nyumba hii ya tembe limeanza kuvuja juu ya kitanda changu, nami nimekisogeza ukutani na kuweka sufuria mahali pake. Daftari hili nimelinunua mwenyewe katika duka la Mungaa. Naandika hivyo kwa sababu ofisini kuna madaftari yanayofanana nalo, na sitaki siku moja mtu aseme karani Melkiori alichukua mali ya umma.

Nina miezi minne katika ofisi hii ya Tarafa. Kwetu ni Iramba, chini ya Sekenke, ambako baba bado anachimba katika mashimo ya zamani ya dhahabu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Hapa ni kwa Wanyaturu, na lugha yao naielewa nusu. Wakitaka nisielewe, wanaongea haraka. Mkubwa wangu ni Bwana Stefano, Katibu Tarafa, mtu anayevaa soksi hata wakati wa joto na asiyependa kusubiri. Nimepanga chumba cha mwisho katika tembe ya Mama Magdalena, mjane, ambaye binti yake Esta ameolewa Itigi. Chumba kina mlango wake na kufuli yangu.

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Shuleni, mwalimu mmoja mgeni aliacha gazeti la hadithi za picha alipoondoka. Halina jalada, kwa hiyo sijui jina lake, na kurasa za mwisho zilichanwa kabla halijanifikia. Ni habari za watu wa sayari ya mbali. Kuna lango kubwa, na langoni wamesimama walinzi watano waliovaa chuma mwili mzima. Wa tatu hasemi neno katika gazeti zima. Wenzake wanakimbia, wanapigana, wanaanguka. Yeye anasimama pale pale. Nimemtazama tangu kidato cha pili. Tangu Agosti ninalitengeneza vazi lake, kipimo kwa kipimo, kama lilivyochorwa.

Mimi huogopa mbwa, huogopa bahasha zenye muhuri wa Mkoa, huogopa sauti ya Bwana Stefano akiita jina langu mara mbili. Labda ndiyo sababu. Labda ni kwamba napenda tu kazi ya mikono.

Alhamisi, 3 Desemba

Kifua kimekamilika. Ni madebe mawili ya mafuta ya taa, yaliyofunguliwa na kunyooshwa kwa nyundo ya mti juu ya gogo. Napiga saa zile wanawake wanapotwanga, ili milio ichanganyike.

Jumamosi, 12 Desemba

Kofia ndiyo kazi ngumu. Kichwa cha Mlinzi ni mviringo, na bati halitaki kuwa mviringo. Nilimwomba Mama Magdalena kibuyu kikubwa kilichokuwa nyuma ya ghala, nikasema nataka kuwekea mbegu. Aliniangalia, akasema kibuyu chenye ufa hakishiki mbegu wala maji, kisha akanipa.

Nakibandika vipande vya magazeti kwa uji mzito wa unga, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lisubiri kukauka. Kwa mvua hii tabaka moja linachukua siku mbili. Nikimaliza saba nitapaka nta ili unyevu usiingie, halafu ndipo nipigilie vipande vyembamba vya bati, kama magamba. Nta nimepewa na Mzee Alute, mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye hurina asali. Alitaka kujua ya nini. Nilisema ya viatu.

Gundi ya ofisi sijaigusa.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Mama Magdalena alichinja jogoo, akanipa paja. Mvua.

Jumanne, 5 Januari 1971

Glavu zimekwisha. Kila kidole kina vipande vitatu vya bati vinavyokunjana, na ncha nimezichonga kali kwa tupa, kama katika picha. Nilikwenda kwa Ignas, fundi baiskeli, kuomba spoku mbovu za kuunganishia viungo. Alinipa konzi nzima, akaniuliza kama najenga baiskeli au najenga mke. Watu waliokuwa pale walicheka, nami nikacheka pamoja nao, halafu nikaona haya njia nzima.

Viatu pia. Ukurasa wa kwanza wa gazeti hauonyeshi mlinzi yeyote. Unaonyesha unyayo tu katika vumbi: vidole vitatu vipana, na kisigino kama nusu mwezi. Ukiukosea unyayo umekosea kila kitu. Nilikata soli kwenye kipande cha tairi la lori. Mara ya kwanza vidole vilikuwa vyembamba, kama vya kuku. Nikakata tena.

Jumatatu, 18 Januari

Jua tangu tarehe kumi. Karanga zinanyauka. Bwana Stefano ameagiza kila kaya itoe mtu wa kupalilia shamba la ujamaa siku tatu kwa wiki. Jirani yetu Damiani, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote upande huu, alipita akiswaga kundi lake, akaniuliza kama sisi Wanyiramba tunalima au tunakaa kusubiri dhahabu iote. Nilimwambia tunasubiri. Alifurahi sana. Nafikiri ananipenda.

Jumamosi, 30 Januari

Jana jioni mvua ilirudi, nzuri, ya taratibu. Leo alfajiri, kabla watu hawajatoka, nilivaa vazi lote kwa mara ya kwanza.

Nilitokea nyuma ya nyumba, nikapita kwenye shamba la karanga la Mama Magdalena hadi korongoni, mahali ambapo mchanga hubaki laini baada ya mvua. Viatu ni vizito. Ndani ya kofia naisikia pumzi yangu mwenyewe na siisikii dunia. Nilitembea hatua ishirini, nikageuka kutazama nyuma.

Nyayo zilikuwa zile zile za ukurasa wa kwanza. Sijui nieleze vipi. Miaka minne nimezitazama katika karatasi, na sasa zilikuwa mbele yangu katika mchanga wa Singida, zina kina, maji yakianza kujaa katika vidole. Nilisimama kama anavyosimama yeye, mikono chini, na kwa muda huo sikuogopa chochote. Kisha nikasikia kengele ya ng'ombe mbali, nikapanda ukingo haraka nikijishika kwa vidole vya bati, nikarudi. Nilivua kila kitu mlango ukiwa umefungwa. Nilikuwa nacheka.

Jumatatu, 1 Februari

Nitaandika yote, kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi Damiani alifika ofisini, na nyuma yake Mzee Alute na wanaume wengine sita. Hawakukaa. Bwana Stefano alikuwa kwenye mkutano Singida mjini, kwa hiyo maelezo yalipaswa kuchukuliwa na mimi. Nilifungua kitabu cha malalamiko.

Damiani alisema ndama wake mmoja hakurudi zizini juzi. Jana jioni alimkuta korongoni amekufa, tumbo limepasuliwa. Nikaandika. Alisema kando ya mzoga kuna nyayo ambazo si za mnyama anayejulikana, wala si za mtu. Nikaandika. Alisema zina vidole vitatu.

Kalamu ilisimama. Mzee Alute alifikiri sijasikia, akarudia: vitatu. Akaongeza kwamba ukingo wa korongo una mikwaruzo ya kucha za chuma, na kwamba nyayo zile, ukizifuata kurudi nyuma, zinapita kwenye shamba la karanga na kuishia ukutani kwa Magdalena.

Hakuna aliyelitamka neno lenyewe. Halikuhitaji kutamkwa. Hata kwetu Iramba nililelewa na habari hizo. Kabla sijazaliwa, miaka ile baada ya vita, watu wengi wa sehemu hizi walikutwa mashambani wameraruliwa. Ilisemekana wauaji walikuwa watu, wamevikwa ngozi ya simba na kufungwa kucha za chuma, na kwamba walifugwa ndani ya nyumba za wanawake fulani waliowatuma. Watu-simba. Mama alikuwa akitutishia nao tukichelewa kurudi kisimani.

Niliandika hivi, kwa mwandiko wangu: Mlalamikaji anaomba serikali ichunguze nyumba ya Magdalena, mjane, kwani wananchi wanaamini anafuga kitu. Damiani alitia dole gumba. Alipokuwa akipangusa wino aliniambia kwa upole nihame chumba kile leo leo, maana mimi ni mtoto wa watu.

Nilipaswa kusema pale pale. Vazi lilikuwa chini ya kitanda changu, hatua mia nne kutoka pale. Lakini walikuwa wanaume wanane na fimbo zao, na mimi sina ndugu hapa. Nilifikiri pia juu ya kazi, na juu ya baba ndani ya shimo. Nilifikiri mambo mengi kwa haraka, na yote yalikuwa sababu za kunyamaza.

Sikusema.

Jumanne, 2 Februari

Sikusema. Mvua.

Jumatano, 3 Februari

Nilikwenda korongoni kuzifuta nyayo. Walishazifunika kwa matawi mvua isizifute, wakaziwekea uzio wa miiba, na watu wawili wamekaa wakizilinda.

Alhamisi, 4 Februari

Siku ya shamba la ujamaa. Mama Magdalena alifika na jembe lake, akashika mstari. Waliokuwa mstari wa kulia wakasogea, kisha wa kushoto. Alipalilia peke yake katikati ya watu sitini. Wakati wa kula alikaa chini ya kivuli cha toroli, na hakuna aliyempelekea maji. Nilikuwa nimesimama na orodha ya mahudhurio. Niliweka alama mbele ya jina lake, nikaendelea na jina linalofuata.

Ijumaa, 5 Februari

Bwana Stefano amerudi. Amesoma kitabu, amegonga meza. Anasema huu ni ujinga wa kikoloni, kwamba taifa linajengwa huku watu wanahesabu vidole vya nyayo. Nilifurahi kwa dakika moja. Halafu akasema hata hivyo watu hawatahamia kijiji cha ujamaa ikiwa mwanamke huyu atakuwa jirani yao, na lazima jambo limalizwe kimya.

Jumamosi, 6 Februari

Asubuhi tumekuta matawi ya miiba yamesukumwa mlangoni kwa Mama Magdalena, kama wanavyofunga zizi. Nilimsaidia kuyaondoa. Alichomwa kidole, akakinyonya. Nilimwambia pole. Akasema asante, mwanangu.

Jumapili, 7 Februari

Benchi lake kanisani lilikuwa tupu isipokuwa yeye. Mimi nilikaa upande wa wanaume, kama kawaida, kwa hiyo hakuna awezaye kusema nilimkwepa. Hivi ndivyo ninavyojidanganya siku hizi.

Jumatatu, 8 Februari

Leo nimepiga chapa barua. Inasema kwamba kwa usalama wake mwenyewe, na kwa manufaa ya umoja wa kijiji, Magdalena ahame Tarafa hii kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba jambo litathibitishwa katika mkutano wa hadhara Jumatano. Uwele wake umefika magotini. Alizaliwa katika tembe ile. Nilikosea herufi mara tano, jambo ambalo halinitokei.

Jioni, jua bado likiwaka, nilikwenda kwake jikoni. Alikuwa akichambua mboga. Nilimsalimu, akaitikia. Nikasema kuna kitu lazima nimwambie. Akaendelea kuchambua.

"Nilikuona," alisema. "Asubuhi ile. Nilikuwa nakamua mbuzi, ukatoka na kichwa chako cha madebe, unatembea kama mtu mwenye jipu."

Nilimuuliza kwa nini basi hakunitaja. Siku saba zote zile.

"Wewe una nani hapa? Ningekutaja, wangekufikia kabla Stefano hajafunga kamba za viatu. Mimi wananiogopa kwanza. Mtu anayeogopwa anaachiwa siku chache."

Kisha akaniambia habari ambayo hakuwahi kuniambia. Mama yake mdogo alichukuliwa na askari mwaka wa arobaini na saba. Alikuwa mfinyanzi. Watu walisema ana chumba ambacho hakifunguliwi, na kweli alikuwa nacho, alikaushia vyungu humo visipasuke kwa upepo. Hakurudi. Chumba changu, alisema, ndicho kile.

Nilisema nitakwenda kwa Bwana Stefano kesho. Alitikisa kichwa. Stefano atalifungia jambo ndani ya faili, alisema, na watu wataendelea kuamini walichokiona. Nilimuuliza sasa nifanye nini. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Siku hizi zote nilikuwa nakungoja wewe, karani. Usiniulize mimi tena."

Jumanne, 9 Februari

Sijala. Nimepiga chapa orodha.

Jumatano, 10 Februari

Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi, saa nne. Walikuwa zaidi ya watu mia mbili, na wengine walitoka Mungaa kwa ajili hiyo. Mama Magdalena alikalishwa peke yake juu ya kigoda, karibu na meza. Bwana Stefano alizungumza kuhusu umoja, kisha akaniambia nisome barua.

Nilisimama. Nilisema kabla ya barua kuna maelezo ya karani. Alinikunjia uso, lakini nilishaondoka kuelekea nyuma ya ofisi, ambako nilikuwa nimeficha vazi ndani ya tenga tangu asubuhi. Sikutaka kulivaa na kutokea nalo. Nilikuwa nimewaza kwa muda mrefu, na niliona kwamba wakiona kitu kizima wataona kile wanachokiogopa. Lazima waone vipande kwanza, na waone mtu akiingia ndani yake.

Niliweka tenga mezani. Nikatoa orodha, nakala tatu. Moja nikampa Bwana Stefano, na nadhani ni mshangao tu uliomfanya aipokee. Nikasoma kwa sauti kubwa kadiri nilivyoweza. Moja, kifua na mgongo, madebe manne. Nikayainua. Mbili, kofia, kibuyu kilichopasuka, magazeti, nta na bati. Nikaiinua. Baadhi walisimama. Mwanamke mmoja alimfunika mwanawe uso kwa khanga. Tatu, glavu, jozi moja, bati na spoku za baiskeli.

"Hizo ni spoku zangu," Ignas alisema kutoka nyuma.

Nikasema ndiyo, fundi, ulinipa tarehe tano Januari. Mke wa Mzee Alute akasema debe lile lenye kovu ni lake, alilitupa wakati wa kiangazi. Mwingine akajongea kuangalia. Nikaendelea. Nne, viatu, jozi moja, soli za tairi la lori. Nikazigeuza ili vidole vitatu vionekane.

Nilisema: Nyayo zile ni zangu. Nilitembea korongoni Jumamosi tarehe thelathini, alfajiri, nikiwa nimevaa hivi. Mama Magdalena hakujua nilichokuwa natengeneza, wala hafugi kitu. Nilijua haya yote siku Damiani alipokuja ofisini, na nikaandika maelezo yake, na sikusema.

Halafu nikavaa, mbele yao, kipande kimoja baada ya kingine. Mkanda wa kifua ulinishinda kuufikia mgongoni, na nilikuwa nafikiri sitaweza, mpaka Mama Magdalena akainuka kwenye kigoda na kunifungia. Nikavaa kofia mwishowe. Nikatembea katika tope la mbele ya ofisi, hatua kumi, nikageuka.

Kupitia tundu la macho nilimwona Damiani anakuja na fimbo imeinuliwa. Ndani ya viatu vile mtu hakimbii. Nilisimama tu. Si kama Mlinzi. Nilisimama kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Alifika karibu, akatazama nyayo, akanitazama, na fimbo ilikuwa bado juu.

Mama Magdalena akapita kati yetu. Akanigonga kifuani kwa kiganja, kama mtu anayebisha hodi.

"Kuna mtu humu?"

"Nipo, mama."

"Basi toka, tukuone. Joto litakuua kabla ya Damiani."

Mtu mmoja alicheka. Sijui nani, na nitamshukuru hadi nife. Kisha wengine, hasa wanawake, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi siku nyingi. Nilivua kofia. Damiani alishusha fimbo lakini hakucheka.

"Na ndama wangu?" aliuliza. "Aliliwa na madebe?"

Nikasema sijui aliyemla, nilimsikia tu ng'ombe kwa mbali. Hapo Mzee Alute akakohoa. Alisema yeye aliziona alama za meno kwenye paja la ndama, na aliona kinyesi cheupe cha fisi karibu na jiwe. Lakini aliona nyayo pia, na wenzake walikuwa wameshaanza kurudi nyuma, na yeye ni mtu mzima aliyeona mengi miaka ile. "Nami sikusema," alisema, akaangalia chini.

Baadaye aliniuliza swali moja tu, mbele ya watu wote: vazi hili ni la kazi gani? Nilifikiria kusema la kujikinga na nyuki, au la mchezo wa sikukuu. Nikasema halina kazi yoyote, mzee. Nililipenda. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa asioujua.

Bwana Stefano aliichana barua ya kuhama. Aliichana taratibu, vipande vidogo, akinitazama mimi.

Alhamisi, 11 Februari

Nimepewa onyo kali kwa maandishi. Kwa kuwa karani ni mimi, nimelipiga chapa mwenyewe, nakala tatu. Linasema nimeonyesha utoto katika wakati wa kujenga taifa, na kwamba nimeficha ukweli uliohusu usalama wa raia. Neno la pili ni la haki. Vazi limewekwa ofisini, pembeni ya kabati la mafaili, kama kielelezo.

Jumapili, 21 Februari

Esta amekuja kutoka Itigi kumchukua mama yake. Nilisikia mazungumzo yao uani bila kutaka. Esta alisema watu waliokugeuka mara moja watakugeuka tena. Mama Magdalena alisema hilo ni kweli. Akasema atavuna kwanza, kisha ataamua. Esta alipotoka alipita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya mbwa, bila kumtazama machoni.

Mama Magdalena anaitikia salamu yangu. Basi, hakuna zaidi.

Jumatatu, 8 Machi

Mvua siku ya nne. Watu wakija ofisini kwa shida zao huomba kwanza kuliona vazi.

Jumamosi, 20 Machi

Mzee Alute alimwomba Bwana Stefano kofia ili akarinie asali. Alirudi baada ya saa moja akiwa na uso mnene kama mkate. Nyuki waliingia kwa tundu la macho wakashindwa kutoka. Ameniambia, kwa midomo iliyovimba, kwamba nilisema kweli, halina kazi.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Wanawake wawili walikaa benchi la Mama Magdalena. Aliwasogelea kidogo, si sana.

Jumanne, 20 Aprili

Uwele unakomaa. Damiani hajaingia uani kwetu tangu Februari. Hupita njia ya juu na ng'ombe wake, mzunguko mrefu. Zamani nilidhani ni mtu wa mizaha tu, asiye na kitu ndani. Sasa naona ana aibu, na aibu ya mtu mkubwa haina mahali pa kukaa.

Jumapili, 2 Mei

Leo Mama Magdalena ametoa pombe ya uwele mpya. Tangu Jumatano alikuwa anachachusha, na hakusema ni ya nini. Asubuhi alimtuma Mzee Alute kuita nyumba zote kumi, na akasisitiza zote.

Nilijua maana yake, na kila mtu alijua. Mtu aliyesemwa vile, pombe yake ndiyo kitu cha mwisho utakachokubali kutia mdomoni. Asiyekuja atakuwa amesema neno lake, na anayekuja na asinywe atakuwa amesema zaidi. Mama Magdalena aliuweka mtungi katikati ya ua, akakaa juu ya kigoda na kata ya kuchotea mkononi, amevaa gauni la kanisani. Esta alikuwa amekuja tena kutoka Itigi, na pembeni ya mlango kulikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa kamba. Siku hiyo ingekuwa ya kukaa au ya kwenda Itigi, na si yeye ambaye angeamua.

Mzee Alute alikuja wa kwanza, na mkewe. Alipokea kata, akanywa hadi katikati, akampa mkewe. Kisha Ignas, ambaye alikunywa na kuuliza kama kuna nyingine. Wakaja wengine, wawili wawili, mwanzo wakisimama kama watu waliofika kwenye msiba, halafu wakikaa. Kufikia saa tisa zilikuwa zimefika nyumba tisa, na Mama Magdalena alikuwa hajagusa kitu. Mazungumzo yalianza kupungua. Watu walitazama njia ya juu bila kutaka kuonekana wanatazama.

Damiani alikuja saa kumi. Hakuwa na fimbo, na bila fimbo alionekana mfupi. Alisema shikamoo, ingawa umri wao haupishani sana. Mama Magdalena aliitikia marahaba kama jambo la kawaida kabisa. Akachota. Damiani alishika kata kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, na nafikiri alikuwa anaogopa bado, kweli kweli, kama mimi ninavyoogopa, kwa tumbo na si kwa kichwa. Akanywa. Alikunywa yote bila kupumua, na alipomaliza povu lilikuwa kwenye ndevu zake na macho yalikuwa na maji.

"Ni kali," alisema.

"Uwele ulipata mvua," alijibu Mama Magdalena. Halafu akamwambia Esta, ambaye alikuwa ameegemea mlango, arudishe kile kifurushi ndani.

Mimi nilikuwa nimekaa ukutani muda wote, karibu na mlango wa chumba changu, nikingoja kuitwa. Kata ilinipita mara ya kwanza, nikadhani amesahau. Ilinipita mara ya pili, nikaelewa. Watoto wa Ignas walionja kabla yangu. Jua lilipokuwa linashuka na watu wameanza kuaga, aliinamisha mtungi, akakamua kilichobaki, akaja nacho mwenyewe hadi pale nilipokaa. Ua wote uliangalia.

"Siku tisa ulinyamaza," alisema, kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mama."

"Wewe ulikuja wa mwisho. Unakunywa wa mwisho."

Ilikuwa machicha matupu, mazito na machungu, yanayokwama kooni. Alisimama juu yangu hadi nikamaliza. Kisha akachukua kata, akatazama ndani kuhakikisha, akaniambia kesho niamke mapema nimsaidie kupura kabla sijaenda ofisini.